Mtakatifu Wiborada, Mlinzi wa Vitabu vya St. Gallen

Katika nchi ya Uswisi, upande wa mashariki, si mbali na ziwa kubwa liitwalo Bodensee, uko mji wa St. Gallen. Mji huo ulipata jina lake kwa Mtakatifu Gallus, mtawa aliyekuja Ulaya bara kutoka Ayalandi pamoja na Mtakatifu Kolumbano, akajenga kijumba chake msituni kando ya mto Steinach yapata mwaka 612. Miaka mia na zaidi ilipopita, mwaka 719, padre Otmar aliwakusanya watawa mahali pale pale, akawa Abate wao wa kwanza. Na tangu mwaka 747 wakaishika Kanuni ya Mtakatifu Benedikto. Monasteri ile ilisifiwa mbali kwa ajili ya shule yake, na nyimbo zake, na hasa vitabu vyake.

Hata leo mgeni afikaye St. Gallen huikuta maktaba yenye vitabu 2,100 hivi vilivyoandikwa kwa mkono, na katika hivyo vipatavyo 400 viliandikwa kabla ya mwaka 1000. Mtu akivitazama hana budi kustaajabu, maana katika miaka elfu na zaidi mahali pale palipitiwa na vita, na moto, na fitina za wakubwa. Vitabu vimeokokaje? Sababu ni nyingi, na watu waliovitunza ni wengi. Lakini mmoja wao astahiliye shukrani kubwa alikuwa mwanamke, ambaye hakuwa mwandishi wala mwalimu wa shule ile. Jina lake ni Wiborada. Tutasimulia maisha yake kwa ufupi, ili waumini na walimu wetu wamjue.

Ujana wake

Wiborada alizaliwa katika karne ya tisa, katika jamaa ya watu wenye cheo wa kabila la Waalamani, ndio Wajerumani waliokaa katika nchi zilizozunguka ziwa lile. Ndugu yake Hitto alipelekwa kusoma, akawa padre. Wiborada mwenyewe alikaa nyumbani kwa wazazi wake, akajifunza kazi za mikono zilizowapasa wanawake wa siku zile, kusokota na kufuma na kushona; na kwa ndugu yake alijifunza Zaburi. Hitto alikuwa na desturi ya kuwaleta nyumbani wagonjwa na maskini, na dada yake huwaosha, huwalisha, huwauguza. Kisha ndugu hao wawili walifunga safari ya kwenda Roma kuhiji katika makaburi ya Mitume. Baada ya kurudi, Hitto aliingia katika monasteri ya St. Gallen.

Wiborada naye alitamani kumtumikia Mungu peke yake. Mwaka 912 akaenda kukaa karibu na kanisa la Mtakatifu Georgi, kilimani juu ya St. Gallen, akaishi huko miaka minne katika sala na kufunga. Hata mwaka 916 Askofu Salomo wa Konstanz, ambaye pia alikuwa Abate wa St. Gallen, akamfungia katika kijumba kilichojengwa kando ya kanisa la Mtakatifu Magnus, liitwalo St. Mangen.

Yafaa kueleza maana ya neno hili, kufungiwa, maana desturi hii haijulikani sana kwetu. Katika Ulaya ya zamani walikuwako wanaume na wanawake walioweka nadhiri ya kukaa katika chumba kimoja mpaka kufa. Askofu huwabariki, kisha mlango huzibwa. Hawakuwa wafungwa, kwa kuwa hakuna aliyewalazimisha. Walikuwa wametoa uhuru wao kama mtu atoavyo sadaka. Dirisha moja liliwawezesha kufuata ibada ya kanisani, na kwa dirisha jingine walipokea chakula, na kusema na watu waliokuja kuomba sala au shauri. Kwa hiyo mtu wa namna hii, ijapokuwa hakutoka nje hata siku moja, aghalabu alijua habari za nchi kupita wengi waliozunguka huku na huku.

Ndivyo alivyokuwa Wiborada. Wakubwa kwa wadogo walikuja dirishani pake. Baada ya miaka michache mwanamke mmoja aitwaye Rachildis, aliyekuwa mgonjwa sana, akaja kukaa karibu naye katika kijumba cha pili, akawa mwanafunzi wake katika maisha ya sala. Na mikono ya Wiborada haikukaa bure. Husimuliwa ya kuwa alitengeneza vitambaa vya kufungia vitabu vitakatifu vya watawa, visipate vumbi wala unyevu. Basi hata kabla ya siku ya hatari, vitabu vya St. Gallen vilikuwa vimekwisha kuguswa na utunzaji wake.

Thamani ya kitabu katika siku zile

Sisi tuliozoea vitabu vilivyopigwa chapa, ambavyo kimoja kikiharibika twaweza kununua kingine, si rahisi kwetu kufahamu thamani ya kitabu katika karne ya kumi. Karatasi haikutumika bado katika nchi zile. Watu waliandika juu ya ngozi za kondoo, mbuzi na ndama, zilizolowekwa katika maji ya chokaa, zikaparwa manyoya, zikawambwa, zikakwanguliwa mpaka zikawa laini. Kwa Biblia kubwa iliyo kamili zilihitajiwa ngozi za wanyama mia na zaidi. Mwandishi alichonga unyoya wa bata bukini, akachovya katika wino, akanakili herufi kwa herufi mchana kutwa, wakati wa baridi vidole vikimfa ganzi. Kitabu kimoja kikubwa chaweza kuwa kazi ya mwaka mzima, au zaidi.

Katika St. Gallen kazi hii iliheshimiwa mno. Maktaba yao ina ramani ya monasteri iliyochorwa katika kisiwa cha Reichenau yapata mwaka 820 hadi 830, ikapelekwa kwa Abate Gozbert wa St. Gallen, na katika ramani hiyo, ubavuni mwa kanisa, kimewekwa chumba cha waandishi, na juu yake chumba cha vitabu. Katikati ya karne ile ile ya tisa watawa waliandika orodha ya vitabu vyao, vikafika kama 400. Baadaye mtawa Notker, mtunga nyimbo mashuhuri aliyekufa mwaka 912, alikuwa mtunza vitabu wao. Na mwenzake Tuotilo alichonga pembe za ndovu kuwa majalada ya kitabu cha Injili. Na katika miaka ile ile ambayo Wiborada alikuwa amefungiwa, kati ya mwaka 922 na 926, waliandika kitabu cha nyimbo za Misa chenye alama ndogo juu ya maneno za kuonyesha jinsi sauti ipandavyo na kushuka. Kitabu hicho kingaliko, nacho ni kimoja katika vitabu vya kwanza vya nyimbo za Kanisa vilivyotufikia vikiwa kamili.

Hizo ndizo mali zilizokuwako wakati hatari ilipokaribia.

Wahungari wanakuja

Tangu mwanzo wa karne ya kumi Wahungari, waliokuwa bado wapagani, walikuwa wakitoka katika mbuga za mashariki na kuteka nyara katika nchi za Wajerumani. Walipanda farasi wepesi, wakapiga mishale mbiombio, wakachoma, wakateka, wakatoweka. Hawakupenda kuzingira maboma siku nyingi. Walipenda mahali penye mali nyingi na ulinzi mchache. Nayo monasteri ilikuwa hivyo hasa.

Walioandika maisha ya Wiborada husimulia kwamba alionyeshwa katika maono ya kuwa Wahungari watafika St. Gallen, na ya kuwa yeye mwenyewe ataitoa roho yake. Akampelekea habari Abate Engilbert, aliyeanza kutawala mwaka 925. Na katika shauri lake aliwasihi watawa wasiwaze kwanza habari ya vyombo vya thamani, bali vitabu viokolewe mapema, kisha watu wajiokoe.

Msomaji aweza kuuliza, je, kitabu kina thamani kupita mtu? Sivyo alivyotaka kusema. Mtu ana miguu. Aonapo moshi aweza kukimbia. Kitabu hakina miguu. Kisipobebwa na mtu kabla adui hajaonekana, hakina tumaini. Na chombo cha fedha kikiibiwa, sonara atafua kingine; lakini maneno ya wazee yakiteketea, na nakala nyingine hakuna, hapana awezaye kuyaandika tena. Kwa hiyo vitabu vilipasa kutangulia.

Ilikuwa shauri gumu kwa Abate. Hakuna adui aliyeonekana bado, na habari zilitoka kwa mwanamke aliyefungiwa chumbani. Kama angelidharau, angalipata watu wa kumsifu kwa moyo mkuu. Engilbert hakudharau. Akavipeleka vitabu katika monasteri ya Reichenau, ambayo kwa kuwa iko kisiwani ilikuwa salama zaidi mbele ya wapanda farasi. Wazee na watoto wa shule akawapeleka Wasserburg, mahali palipozungukwa na maji ya ziwa. Watawa wenye nguvu akawatia kazini kujenga boma la miti kando ya mto Sitter, mahali penye bonde refu na njia nyembamba, wakaingia humo pamoja na watumishi wao.

Kifo chake

Alikuwa amebaki mtu mmoja asiyetaka kwenda. Abate akamsihi Wiborada atoke kijumbani mwake, akimbilie bomani pamoja na wengine. Akakataa. Alikuwa ameweka nadhiri ya kukaa pale mpaka kufa, na nadhiri hiyo hakuiweka kwa siku za amani tu. Rachildis naye hakuondoka. Wiborada hakumlaumu mtu yeyote aliyekimbia, bali aliwahimiza wakimbie. Hata ndugu yake Hitto akajificha, akaokoka.

Tarehe 1 Mei mwaka 926 Wahungari walifika. Wakaja katika kanisa la St. Mangen, wakajaribu kulichoma. Walipokizunguka kijumba wasione mlango, walipanda juu, wakaifumua dari, wakaingia. Wakamkuta akisali. Hawakuona fedha wala dhahabu, ila mwanamke mzee mwenye nguo duni. Wakampiga kichwani kwa shoka mara tatu, wakamwacha katika damu yake. Kutokana na majeraha hayo akafa, na Kanisa humkumbuka tarehe 2 Mei. Rachildis hakuguswa, aliishi miaka mingine ishirini katika ugonjwa wake, akafa mwaka 946.

Katika monasteri yenyewe Wahungari hawakukuta mengi. Mtawa Ekkehart wa Nne, aliyeandika habari za St. Gallen miaka mia baadaye, asimulia kisa ambacho wenyeji hawakukisahau. Mtawa mmoja aitwaye Heribald, mtu wa akili chache, alikataa kukimbia kwa sababu mwaka ule hakupewa ngozi ya viatu vyake. Akabaki peke yake. Wahungari walipoona jinsi alivyo, hawakumdhuru, bali walimketisha karamuni wakala na kunywa pamoja naye. Wawili kati yao walipanda mnara wa kanisa, wakidhani jogoo aliye juu ni wa dhahabu; mmoja akaanguka akafa. Na watawa waliporudi wakamwuliza Heribald habari za wageni wake, akawajibu ya kuwa hajapata kuona watu wachangamfu kama wale, wala chakula na divai tele namna ile katika nyumba ya Mtakatifu Gallus. Tukicheka, tucheke, lakini tusisahau ya kuwa siku zile zile damu ilimwagika St. Mangen.

Vitabu vyarudi

Hatari ilipopita, vitabu vikarudishwa kutoka Reichenau. Ekkehart huyo huyo asema ya kuwa hesabu ilikuwa sawasawa, lakini vitabu vyenyewe si vyote vilivyokuwa vile vile. Yaani baadhi ya vitabu vya St. Gallen vilibaki kisiwani, na vingine vikaja mahali pao. Wenye maktaba mpaka leo wajua ya kuwa kitabu kilichoazimwa kina namna yake ya kusahau njia ya kurudi.

Taabu hazikuisha. Mwaka 937 monasteri iliungua. Husimuliwa kwamba mwanafunzi mmoja aliyestahili adhabu alitumwa kwenda orofani kuleta fimbo za kumpigia, naye kwa kuogopa akatia moto katika kuni kavu chini ya paa. Watawa walikimbilia vitabu, vikaokoka kwa sehemu kubwa. Labda walikuwa wamejifunza kwa Wiborada nini kibebwe kwanza.

Kwa habari ya Wiborada, maisha yake yaliandikwa katika karne ile ile ya kumi, na mara ya pili katika karne ya kumi na moja. Mwezi wa Januari mwaka 1047 Papa Klementi wa Pili alimwandika katika orodha ya Watakatifu. Huhesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza aliyetangazwa Mtakatifu kwa amri ya Papa, maana zamani jambo hilo lilifanywa na maaskofu na waumini wa mahali. Wachoraji humwonyesha akiwa na kitabu katika mkono mmoja na shoka katika mkono wa pili, na watunza maktaba humheshimu kama msimamizi wao.

Mwaka 1805 monasteri ya St. Gallen ilifungwa na serikali ya nchi. Lakini maktaba haikutawanywa. Jumba lake zuri, lililojengwa kati ya mwaka 1758 na 1767, lingali limesimama, na juu ya mlango wake yameandikwa maneno ya Kiyunani ambayo maana yake ni nyumba ya kuponyea roho. Mwaka 1983 monasteri hiyo pamoja na maktaba yake iliingizwa katika orodha ya urithi wa ulimwengu.

Kitabu kimoja, na sisi

Katika vitabu vya St. Gallen kuna kimoja kinachotuhusu kwa karibu. Mtakatifu Benedikto aliandika Kanuni yake katika karne ya sita. Kitabu kilichoaminiwa kuwa cha mkono wake mwenyewe kilitunzwa na watawa wa Monte Cassino, Italia, wakakichukua kila walipokimbia adui, hata mwaka 896 kikateketea kwa moto huko Teano. Lakini kabla ya hapo mfalme Karoli Mkuu alikuwa ameomba nakala yake. Na kwa nakala ya mfalme, yapata mwaka 820, watawa wawili wa Reichenau, Grimald na Tatto, walinakili tena kwa uangalifu mkubwa, wasibadili neno. Kitabu cha kwanza kiliungua. Nakala ya mfalme ikapotea. Nakala iliyotokana na kazi ya Grimald na Tatto ingaliko St. Gallen, nayo ndiyo shahidi bora wa maneno ya Mtakatifu Benedikto.

Watawa Wabenedikto walioanzisha Peramiho mwaka 1898, na Ndanda mwaka 1906, walikuja na Kanuni hiyo hiyo. Na Abate wa kwanza wa Peramiho, Gallus Steiger, alikuwa Mswisi aliyechukua jina la Mtakatifu yule wa msituni kando ya Steinach. Hivyo Mkristo wa Ungoni au wa Umwera, ambaye hajapata kuona theluji, ameguswa na urithi ule uliohifadhiwa karibu na Bodensee.

Katika mwaka wa jubilei ni desturi kuhesabu makanisa yaliyojengwa, na shule, na watu waliobatizwa. Ni vema. Lakini hesabu yenyewe tumeipata wapi, ila katika vitabu? Kila parokia ina kitabu cha ubatizo, na cha ndoa, na cha mazishi. Humo yameandikwa majina ya babu zetu, yaliyoandikwa na makatekista na mapadre kwa taa ya mafuta. Katika nchi yetu hatuwaogopi Wahungari. Adui zetu ni mchwa, na panya, na paa livujalo, na mkono wa mtoto achanaye ukurasa, na mkubwa aazimaye asirudishe. Maadui hawa hawaji kwa kelele za farasi. Huja kimya, nao hushinda kwa sababu hakuna aliyeonya mapema.

Basi mwalimu aitazame kabati ya shule yake, na katekista alitazame sanduku la parokia, kabla ya masika na si baada yake. Kilichochanika kishonwe. Kilicho kimoja tu kinakiliwe. Wiborada hakuandika kitabu hata kimoja, naye aliishi miaka kumi katika chumba kisicho na mlango. Kazi aliyoifanya kwa vitabu ilikuwa kuvishonea vitambaa, na kunena kwa wakati wake. Kwa kazi hiyo watu wamekuwa wakisoma miaka elfu na mia moja.